Pikapu ya bati: Kipimo na rangi ndivyo vinavyompa fundi bei

KATIKA barabara kuu inayotoka Dodoma na kupita Manyoni, Ikungi, Singida mjini, Iguguno na Misigiri hadi Shelui, malori makubwa ya mizigo ya Rwanda na Burundi ndiyo yanayoonekana zaidi. Lakini gari linalomjua mkulima wa Singida kwa jina ni pikapu. Ndiyo inayoingia vijijini kufuata magunia ya alizeti, vitunguu na matenga ya kuku wa kienyeji, ikapita kwenye michanga na makorongo ambako lori kubwa halithubutu.

Si ajabu basi kwamba mtoto anayechezea mabua ya mtama uani naye anatengeneza pikapu. Mabua yanakuwa bodi, visiki vya kandambili vinakuwa matairi, na kamba ya mkonge inakuwa usukani. Mchezo huo ni wa zamani na upo karibu kila kona ya Afrika Mashariki. Malawi na Zambia wanaliita gari la waya la mtoto galimoto.

Kinachoangaliwa hapa si mchezo huo bali kazi inayofanana nao: kutengeneza na kupaka rangi pikapu ndogo ya mfano, iliyopimwa kutoka kwenye gari halisi, ili iuzwe kwa mtu mzima mwenye fedha zake. Kati ya gari la mtoto na gari hilo la mfano kuna tofauti mbili tu, kipimo na rangi. Hata hivyo, tofauti hizo ndizo zinazoamua kama fundi atalipwa ujira wa siku zake au atabaki kushindana na vigari vya plastiki kutoka China, mashindano ambayo hawezi kuyashinda kwa bei.

Mikono ya koroboi

Ufundi wenyewe tayari upo mkoani. Kwa miaka mingi mafundi bati wa minadani na masokoni walikunja makopo na mabati wakatoa koroboi, makarai, ndoo, mapipa ya kuhifadhia nafaka na majiko ya mkaa. Koroboi ndiyo iliyokuwa bidhaa ya kutoka haraka. Kaya nyingi zilihitaji mbili au tatu, na ikioza inanunuliwa nyingine.

Soko hilo limekwisha nguvu. Katika bajeti ya 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha tabia ya kuyachanganya na dizeli, na mwanga wa kibatari ukawa ghali. Taa ndogo za sola nazo zikaingia madukani, huku miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi 2007, ikisogeza nguzo za umeme vijijini. Kwa mkulima hiyo ni nafuu kubwa, na hakuna wa kuililia koroboi wala moshi wake. Ila fundi aliyeishi kwa kuiuza amebaki na mkasi wa bati, nyundo, chuma cha kulehemu na mikono inayojua kukunja pindo lisilovuja.

Mikono hiyo ndiyo inayofaa kwa pikapu ya mfano. Anayeweza kutengeneza tangi la koroboi lisilovujisha mafuta anaweza kutengeneza boneti. Anachokosa ni tabia ya kupima kabla ya kukata, kwa sababu koroboi haikuhitaji kufanana na kitu chochote.

Kwa nini 12.5

Kazi inaanza na futi kamba na gari lililoegeshwa. Pikapu mbili ndizo zinazotambulika haraka na mnunuzi wa Tanzania, nazo ni Toyota Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa 1968, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 uliotoka 1984. Pikapu ya Land Cruiser inayojulikana kama 79 ilifuata 1999. Hii ya pili, hasa yenye mkonga wa kuvutia hewa pembeni ya kioo cha mbele, ndiyo inayopendeza zaidi kwa kazi ya bati kwa kuwa sura yake ni ya pembe na mistari iliyonyooka. Hilux za karibuni zina bodi la mviringo ambalo ni gumu kulikunja bila mashine.

Katika biashara ya magari ya mfano duniani, vipimo vinavyotumika sana ni 1 kwa 24 kwa magari ya kuunganisha na 1 kwa 43 au 1 kwa 64 kwa yale madogo ya chuma. Fundi wa Singida hana sababu ya kufuata namba hizo. Zimetokana na mashine na ukubwa wa maboksi ya viwanda vya watu wengine. Yeye anapaswa kuanza na vitu alivyo navyo, na kitu kinachoamua kila kitu ni gurudumu.

Malighafi rahisi kuliko zote za gurudumu ni kizibo cha soda kwa ajili ya rimu na soli ya kandambili kwa ajili ya tairi. Kizibo kina upana wa milimita 32. Rimu ya Land Cruiser ni ya inchi 16, yaani karibu sentimita 40.6. Gawanya 40.6 kwa 3.2 na jibu ni kama 12.7. Maana yake ni kwamba kizibo hicho kinakuwa rimu sahihi pale tu ambapo gari zima limepunguzwa karibu mara 12 na nusu. Ukikiweka kwenye gari lililopunguzwa mara 20, ambalo rimu yake ingetakiwa kuwa ya sentimita 2, gari linaonekana limevaa magurudumu ya trekta. Hapo ndipo vigari vingi vya makopo vinapoharibika. Mtazamaji hajui kosa liko wapi, lakini anaona kwamba ni kichezeo.

Soli ya kandambili nayo inakubaliana na hesabu hiyo. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80 na upana wa karibu sentimita 21. Ikipunguzwa mara 12.5 inakuwa na kipenyo cha sentimita 6.4 na unene wa sentimita 1.7, ambao ni unene wa soli ya kandambili ya kawaida. Kwa hiyo skeli ya 1 kwa 12.5, yaani sentimita 1 ya mfano kusimama badala ya sentimita 12.5 za gari lenyewe, inamruhusu fundi kutumia vifaa viwili visivyo na gharama bila kudanganya umbo.

Hesabu yake pia ni nyepesi kwa asiyependa mahesabu. Pima gari kwa sentimita, zidisha kwa 8, kisha ondoa sehemu mbili za mwisho kwa nukta. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Land Cruiser 79 ni sentimita 318. Mara 8 ni 2,544, hivyo kwenye mfano ni sentimita 25.4. Urefu wa gari zima, karibu mita 5.2, unakuwa sentimita 41 hadi 42. Hilux za kuanzia 2005 zina sentimita 308.5 kati ya ekseli, ambazo zinakuwa 24.7. Upana, kimo, ukubwa wa mlango na nafasi ya taa fundi avipime mwenyewe kwenye gari analoliiga, kwa sababu bodi za nyuma hubadilishwa sana na mafundi wa hapa nchini na vipimo vya kiwandani havisaidii.

Jambo moja la kuangalia ni taa. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilikuwa na taa za mviringo hadi 2006, zikabadilishwa sura 2007 na kupewa taa kubwa zenye pembe, kisha toleo la mwishoni mwa 2023 likarudisha taa za mviringo. Mwenye gari la 2010 hatanunua mfano wenye taa za 1999, hata kama kazi nyingine yote ni safi.

Boksi kwanza, bati baadaye

Kabla ya bati, gari lote linajengwa kwa karatasi ngumu ya boksi. Kila upande unachorwa kivyake: boneti, ubavu wa kabini, mgongo wa kabini, paa, sakafu ya bodi na kuta zake tatu pamoja na mlango wa nyuma. Vipande vinaunganishwa kwa gundi ya tepu na kutazamwa kwa mbali. Ikiwa kabini imeinama au bodi limezidi urefu, kosa linarekebishwa kwa mkasi wa kawaida na hasara ni kipande cha boksi.

Vipande hivyo vikikubalika vinakuwa sampuli, ile ambayo fundi cherehani anaiita patani. Visitupwe. Fundi aviandike majina na kuvitunza kwenye bahasha, kwa kuwa gari la kwanza linaweza kula wiki nzima wakati la tano kutoka kwenye sampuli hizohizo linachukua siku chache. Faida ya kazi hii iko kwenye sampuli kuliko kwenye bati.

Chesi inafaa iwe ya mbao. Mabaki ya paini kutoka kwa maseremala yanatosha, mapapi mawili membamba yakiunganishwa kwa vipande vitatu vya kukingama. Mninga ni mzuri kwa macho lakini ni mzito, na hakuna anayeuona chini ya gari. Ekseli ni waya mnene au spoku ya baiskeli.

Kuhusu bati, makopo ya maziwa ya unga ndiyo laini na hukatika vizuri, ingawa ni madogo. Kwa boneti na paa, mabaki ya bati bapa la geji 30 yanafaa. Geji 28 ni gumu kukunja kwenye kona ndogo. Bati la migongo linaweza kunyooshwa kwa nyundo ya mbao, lakini mistari ya migongo haitoki yote na hujitokeza tena baada ya rangi.

Yako makopo ambayo hayafai kuguswa. Kopo la dawa ya kuua wadudu ya kupuliza lina gesi ndani na linaweza kulipuka likitobolewa au kupashwa moto. Makopo ya viuatilifu vya pamba, alizeti na mboga hayasafishiki kwa sabuni, na gari lililotengenezwa kwayo linaweza kuishia mdomoni mwa mtoto. Mkulima akiombwa makopo hayo na kijana wa jirani, amnyime.

Kila ukingo wa bati unakunjwa pindo la milimita 3 hadi 4 kwenda ndani. Pindo hilo linazuia kukata vidole, linaongeza ugumu wa kuta, na linatoa sehemu ya kuwekea lehemu. Vioo vinatokana na chupa ya maji iliyonyooshwa, na vinaingizwa baada ya rangi kumalizika, wala si kabla.

Upepo wa Singida na rangi mbichi

Sehemu ngumu ni rangi, na hapa mafundi wengi wa bati hawana uzoefu kwa kuwa bidhaa zao za zamani ziliuzwa bila rangi au kwa rangi ya kupaka mara moja.

Bati jipya lina mafuta na utelezi wa zinki. Rangi ikipakwa juu yake inakauka vizuri, inapendeza wiki mbili, kisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Dawa yake ni kuosha bati kwa sabuni ya unga, kulisugua kwa siki, kulisuuza na kulikausha, kisha kulipitisha msasa laini, namba 240 au 320, hadi mng'ao uondoke. Baada ya hapo bati lisiguswe kwa vidole vitupu. Alama za lehemu zinajazwa puti kidogo na kusuguliwa.

Inafuata praima. Fundi anayeruka hatua hii ili kuokoa fedha atazilipa baadaye kwa rangi, kwani rangi nyeupe, ambayo ndiyo ya pikapu nyingi, inahitaji kupakwa mara tano ili kuficha maandishi ya kopo la maziwa. Juu ya praima ya kijivu inatosha mara mbili au tatu. Kila safari iwe nyepesi. Rangi nzito hutiririka, huziba mistari ya milango, na hufanya gari dogo lionekane limemwagiwa uji.

Rangi ya gari inayobaki kwenye gereji za kunyoosha bodi ni nzuri zaidi kuliko rangi ya milango na madirisha, na mara nyingine mwenye gereji huuza kiasi kidogo kwa kupima. Asiye na kompresa anaweza kutumia kopo la rangi ya kupuliza kwa bodi na brashi nyembamba kwa taa, bampa na vitasa. Brashi peke yake pia inaweza kutoa kazi safi, mradi rangi iwe imepunguzwa kwa thina na brashi isirudi mahali ilipokwishapita.

Adui mkubwa wa kazi hii mkoani Singida ni upepo. Huu ndio mkoa ambao upepo wake umewavutia wawekezaji wa umeme wa upepo, na wakati wa kiangazi, ambapo fundi mkulima ana nafasi, upepo huo unabeba vumbi. Gari lililopakwa rangi saa 8 mchana uani litakuwa na uso wa msasa jioni. Rangi ipakwe alfajiri kabla upepo haujaamka, ndani ya chumba kilichofungwa, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Kila kipande kilichopakwa kifunikwe kwa boksi kubwa lililogeuzwa, lenye matundu ubavuni yaliyozibwa kwa kitambaa chepesi. Rangi isianikwe juani, kwani uso hukauka kabla ya ndani na kutoa mikunjo.

Vumbi hilohilo, likitumiwa kwa makusudi, linaweza kuwa mapambo. Udongo wa barabarani ukichekechwa kwa kitambaa mara mbili, ukachanganywa na vanishi isiyong'aa na kusambazwa kwa brashi kavu kwenye matao ya magurudumu na sehemu ya chini ya milango, gari jeupe linapata rangi ya safari ya kijijini. Ni kazi ya dakika 10. Wasiopenda gari chafu waachiwe gari lao safi, lakini mwenye pikapu ya mzigo huwa anacheka anapoliona vumbi lake.

Vibao vya namba visikosewe. Gari binafsi nchini lina kibao cha njano chenye maandishi meusi, la biashara lina kibao cheupe. Mteja akiagiza mfano wa gari lake, namba ziandikwe kama zilivyo, kwa kalamu yenye ncha nyembamba juu ya karatasi iliyobandikwa na kupakwa vanishi. Maneno yaliyoandikwa juu ya kioo au mlango wa nyuma ndiyo roho ya gari na yasiachwe.

Kuna suala la afya ambalo halina mzaha. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na rangi ya chungwa, zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na kukauka haraka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi kwa kuwa huharibu ukuaji wa ubongo. Fundi atafute kopo lenye maandishi yanayoeleza kuwa rangi haina risasi, na aepuke makopo ya zamani yasiyo na lebo hata akipewa bure. Gari la kukaa mezani ofisini na gari la kuchezewa si bidhaa moja. Kama lililolehemiwa kwa lehemu ya risasi linauzwa la mezani, mnunuzi aambiwe wazi kwamba si la mtoto.

Mzigo wa Singida

Pikapu tupu inaweza kutoka mkoa wowote. Yenye tenga la kuku ni ya Singida, na mnunuzi wa Dar es Salaam anayejua kuku wake wanatoka wapi hahitaji kuelezwa.

Kwa hesabu ileile ya mara 8, tenga la upana wa sentimita 75 linakuwa la sentimita 6, linalosukwa kwa nyuzi za ukindu au vijiti vyembamba. Gunia la urefu wa mita 1 linakuwa la sentimita 8, la kitani kutoka kwenye gunia lililochakaa. Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti linakuwa na kimo cha kama sentimita 3. Kwa vitunguu, punje za mtama mwekundu ndani ya kipande cha neti zinatosha kabisa, kwani punje ya milimita 4 inasimama badala ya kitunguu cha sentimita 5. Manyoni na Itigi wana asali, kwa hiyo mzinga wa gogo nao una nafasi yake kwenye bodi.

Mawazo ya namna hii yamewasaidia wengine. Katika mji wa Antsirabe, Madagascar, karakana ndogo zimejijengea jina kwa kutengeneza kwa makopo magari ya Citroën 2CV na Renault 4 ambayo yalikuwa barabara nzima ya nchi hiyo, pamoja na baiskeli ndogo ambazo tairi zake ni mirija ya dripu za hospitali. Watalii wanafunga safari kuzitazama. Hawakuiga gari la Marekani. Waliiga teksi iliyopita mlangoni kwao.

Tanzania nayo ina pikapu zenye historia. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanazikumbuka zile za abiria zilizoitwa chai maharage, zenye mabenchi yaliyowafanya watu wakae wakitazamana. Mfano mzuri wa chai maharage ungeweza kuuzwa kwa kumbukumbu peke yake.

Hesabu ya fundi

Kosa linaloua kazi nyingi za mikono ni kutohesabu siku. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba bati, waya na mbao ni Sh4,000, rangi na praima Sh6,000, msasa, puti na lehemu Sh3,000, boksi na nauli Sh2,000. Jumla ni Sh15,000. Gari limechukua siku 3. Fundi akiliuza Sh25,000 anaona amepata faida ya Sh10,000, lakini kwa kweli amejilipa Sh3,333 kwa siku. Ikiwa kibarua cha kupalilia katika eneo lake kinalipa Sh10,000, ametupa Sh20,000.

Akiliuza Sh60,000 gari hilohilo, kila siku imemlipa Sh15,000. Akitengeneza manne kwa pamoja kutoka kwenye sampuli moja, akakata yote siku moja, akalehemu yote, akapaka yote alfajiri moja, siku zinaweza kushuka hadi 2 kwa gari na malipo ya siku yakapanda hadi Sh22,500. Bei za vifaa zinatofautiana kati ya Kiomboi na Singida mjini, hivyo kila mmoja aweke tarakimu zake. Njia ya hesabu ndiyo ileile.

Nani atatoa Sh60,000? Si mzazi anayetafuta zawadi ya mtoto sokoni. Mnunuzi wa kwanza wa kufikiriwa ni mwenye pikapu halisi: mfanyabiashara wa nafaka, mwenye gereji, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Gari hilo ndilo lililomjenga na anapenda kuliona kaunta. Fundi anapiga picha kwa simu pande zote, anapima, anachukua nusu ya fedha kabla ya kuanza na kuandika tarehe ya kukabidhi. Malipo ya awali yanamwondolea hatari ya gari lenye namba ya mtu mwingine kubaki mkononi.

Wa pili ni ofisi na wafanyakazi wanaomuaga mwenzao anayestaafu, hasa dereva. Wa tatu ni maduka ya vinyago na zawadi ya Arusha na ya Mwenge, Dar es Salaam. Barabara ya lami ya Singida, Babati hadi Minjingu imeifanya Arusha kuwa safari ya siku moja kwa basi. Ubaya wa maduka hayo ni kwamba mengine hupokea mali kwa mkopo hadi iuzwe. Fundi mwenye mtaji mdogo asipeleke zaidi ya magari mawili kwa duka asilolijua, na apate maandishi.

Kwa anayetaka kuonekana kwa watu wengi, maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati hufanyika Nzuguni, Dodoma, na huwakutanisha wakulima na wajasiriamali wa Dodoma na Singida. Ofisi ya mkoa ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), shirika lililoundwa 1973, ni mahali pa kuulizia mafunzo ya ufundi na biashara na nafasi za maonyesho.

Nembo inahitaji tahadhari. Viwanda vikubwa vya magari ya mfano huomba vibali vya kutumia majina na nembo za watengenezaji wa magari. Mfano mmoja ulioagizwa na mwenye gari lake ni jambo dogo, lakini anayefikiria kuuza kwa mamia au kupeleka nje ya nchi aondoe nembo na kuacha umbo lijieleze, au atafute ushauri wa kisheria kwanza.

Kalenda ya kilimo inaingiliana vizuri na kazi hii. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno yakishaingia ghalani kuna miezi kadhaa ya mikono mitupu. Sampuli zichorwe Mei, magari manne au matano ya maonyesho yawe tayari mwishoni mwa Julai, na oda zilizopatikana Nzuguni zimalizwe kabla ya Novemba. Mvua zikianza, hewa yenye unyevu huchelewesha rangi kukauka na jembe linamwita fundi shambani.

Gari la kwenda mbali lifungwe kwenye boksi lenye maranda ya seremala, magurudumu yakiwa yameinuliwa ili uzito ukae kwenye chesi. Vioo vya pembeni na mkonga ndivyo vinavyovunjika kwanza ndani ya buti la basi, hivyo jozi moja ya vioo vya akiba, iliyokwisha kupakwa rangi, iwekwe ndani ya boksi pamoja na tone la gundi kwenye kikaratasi cha nailoni.